Kuishi na Parkinson bila kubaki peke yako: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwaka wa pili wa ugonjwa wake, baba yangu aliacha kuvaa mashati ya vifungo. Hakusema kwa nini. Nilikuja kuelewa asubuhi moja nilipomkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kifungo cha tatu kikiwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Kinafika kwenye tundu, kinateleza. Kinafika tena, kinateleza. Siku hiyo alikuwa aende kuonana na rafiki zake wa miaka mingi. Alipogundua nimesimama mlangoni, alikiachia kile kifungo akasema hajisikii kutoka. Mwaka ule ukaisha hajaenda.

Parkinson ni ugonjwa wa kupunguza. Hatua zinafupika, mwandiko unadogoka, sauti inafifia, uso unakosa mchezo wake, mkono mmoja unaacha kubembea mtu anapotembea. Hayo daktari atakueleza. Ila watu nao hupungua, na hilo halimo kwenye cheti. Mgonjwa anaacha kutoka kwa sababu ya kifungo, marafiki wanadhani amewachoka, nao wanaacha kuja. Anayejifungia ndani hutembea kidogo na kuongea kidogo, na mwili usiotumika huzidi kukakamaa. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata watu. Dawa zimo na mazoezi yamo, lakini katika kila hatua nitakuuliza ni nani atakuwa nawe.

Hatua ya 1: Uelewe ugonjwa kiasi cha kuweza kuueleza

Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, James Parkinson, aliandika habari za wagonjwa 6, na baadhi yao aliwaona tu wakitembea barabarani. Aliuita ugonjwa huo kupooza kwa kutetemeka. Miongo kadhaa baadaye Jean-Martin Charcot, daktari wa Ufaransa, alilikataa jina hilo, kwa kuwa wagonjwa hawa hawajapooza na si wote wanaotetemeka, akapendekeza uitwe kwa jina la Parkinson. Hoja ya Charcot ishike, kwa maana mpaka leo kuna watu wanaokaa miaka bila kutibiwa kwa kuwa tu mkono hautetemeki. Wao dalili yao ni uzito wa mwili, bega linalouma bila kuumizwa, au mguu unaoburuta.

Kinachotokea ni hiki. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwendo uende sawasawa. Chembe hizo zinakufa polepole, na dalili za mwendo zinapojitokeza, sehemu kubwa imekwisha kupotea. Ndiyo sababu wengi, wakikumbuka nyuma, wanaona ishara zilianza zamani: pua iliacha kunusa, choo kikawa kigumu, usiku wakawa wanapiga mateke na kupiga kelele katikati ya ndoto. Wasiwasi na sonona nazo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mtu asiambiwe ajikaze tu. Huzuni hiyo ina matibabu yake, kama kutetemeka kulivyo na matibabu yake.

Hauambukizi. Si laana wala si adhabu ya mtu yeyote. Kwa wagonjwa walio wengi haukurithiwa. Huwapata zaidi waliovuka miaka 60, lakini wapo wanaouanza kabla ya 50, wakiwa bado wanasomesha watoto. Hakuna kipimo cha kawaida cha damu cha kuuthibitisha. Daktari huutambua kwa kukusikiliza, kukupima na kukuangalia unavyotembea. Ikiwezekana aonwe daktari bingwa wa mishipa ya fahamu.

Sasa tunga maneno yako machache, uyazoee mpaka yatoke bila kukwama. Kwa mfano: “Nina ugonjwa wa Parkinson. Ubongo wangu umepungukiwa na kemikali ya kuendesha mwili, ndiyo maana natetemeka na nachelewa. Hauambukizi. Ninakusikia vizuri, nipe muda tu nikujibu.” Anza na wa nyumbani, kisha rafiki mmoja unayemwamini, kisha jirani, kisha kazini. Usipoeleza wewe, watu watajieleza wenyewe, na maelezo yao yatakuumiza: anayeyumba ataitwa mlevi, asiyetabasamu ataitwa mwenye maringo. Watoto wadogo ndani ya nyumba ndio wa kuambiwa mapema kuliko wote, kwa sababu uso usiocheka wao huusoma kuwa ni hasira juu yao. Waambie wazi: babu anacheka moyoni, ila uso wake umechoka.

Hatua ya 2: Wape watu wachache kazi zinazojulikana

“Ukihitaji chochote niambie” ni maneno mazuri, lakini hayamsaidii mtu. Mgonjwa haombi, na aliyesema anasahau. Mpe kila mtu kazi moja yenye siku na saa yake. Awepo mmoja wa kwenda naye kliniki, yuleyule kila mara, ili asiwe anaanza upya. Awepo mmoja wa kutembea naye. Awepo mwingine wa kukaa naye saa chache kila wiki ili yule anayemuuguza kila siku apate kutoka. Kazi ya nne huwa inasahaulika: mtu wa kuzungumza naye mambo mengine kabisa yasiyohusu ugonjwa, kama mpira, siasa au vichekesho vya zamani.

Watatu wanatosha kuanzia. Wakizidi, kila mmoja atadhani mwenzake ameshakwenda.

Hatua ya 3: Iheshimuni saa ya dawa

Dawa kuu ni levodopa, ambayo hugeuka dopamini ikishafika ubongoni. Imetumika tangu miaka ya 1960 na haijapata mpinzani. Hutolewa ikiwa imechanganywa na kabidopa au bensarazidi, ili isitumike yote njiani kabla ya kufika kichwani na ili ipunguze kichefuchefu. Haiponyi wala haizuii ugonjwa kuendelea. Inachofanya ni kumrudishia mtu mwili wake kwa saa kadhaa.

Miaka ya mwanzo dozi moja hukutana na nyingine bila pengo. Baadaye mapengo yanajitokeza. Sisi nyumbani tulikuwa tunasema “dawa imeshika” na “dawa imekata”, na maneno hayo mawili yalimaliza ugomvi mwingi. Mtu yuleyule aliyekata mboga saa nne asubuhi anaweza kushindwa kuinuka kitini saa sita na nusu. Hajajifanya, wala hakugeuka mvivu kati ya saa nne na saa sita, dawa imekata. Ukilielewa hilo utaacha kumwambia “mbona asubuhi uliweza?”

Kwa hiyo saa ndiyo dawa ya pili. Weka kengele kwenye simu kwa kila dozi. Kuchelewa hata nusu saa kunaweza kumharibia mtu mchana mzima. Kwa kawaida levodopa hufanya kazi vizuri ikimezwa kama nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula, kwa maji ya kutosha, kwa sababu vyakula vyenye protini nyingi, kama nyama, mayai, maziwa na jamii ya kunde, hugombania nayo njia ya kuingia mwilini. Protini isiachwe, mwili unaihitaji. Ipangiwe tu muda wake. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo huzuia levodopa, hivyo muulize daktari vipishane nayo kwa saa ngapi. Wanaopata kichefuchefu mwanzoni huruhusiwa kula kitu chepesi kisicho na protini pamoja na dawa.

Dawa isikatwe ghafla. Hata kama imeisha, hata kama mtu amesema atajaribu kitu kingine, hata kama amelazwa kwa ugonjwa mwingine. Kuikata ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa kama ubao na akili kuvurugika, na hali hiyo huua. Agizeni dawa mpya ile ya zamani ikiwa bado ina siku za kutosha, na mtu mmoja kati ya wale watatu awe ndiye mwenye jukumu la kuhesabu.

Yapo mambo mawili watu huona haya kuyasema. La kwanza, baadhi ya dawa za Parkinson, hasa zile zinazoiga dopamini kama pramipeksoli na ropiniroli, humfanya mtu mwingine ashindwe kujizuia: anacheza kamari ambayo hakuwahi kuicheza, ananunua hovyo, tamaa ya mwili inapanda kupita kiasi. Familia zinaweza kusambaratika kwa kudhani ni tabia imeharibika, kumbe ni dawa, na daktari anaweza kuibadilisha. Mwambieni mapema, kabla fedha hazijaisha. La pili, kuna wanaoanza kuona watu au wanyama wasiokuwepo. Usibishane naye wala usimcheke. Mpigie daktari, na uangalie kama ana homa au maambukizi ya mkojo, maana hayo pia huweza kuleta maruweruwe.

Daftari moja dogo litasaidia kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Kwa siku tatu kabla ya kliniki andikeni saa ya kila dozi, saa iliposhika, saa ilipokata, na kama mwili ulicheza wenyewe bila kutaka. Kule kujinyonganyonga bila hiari mara nyingi kunatokana na dawa ikiwa imezidi, wakati kutetemeka kunatokana na ugonjwa. Daktari asipopata daftari anaweza kuongeza dozi pale alipopaswa kuipunguza. Mkiweza, mrekodini kwa simu akitembea katika hali zote mbili, kwa sababu mbele ya daktari wagonjwa wengi hujikusanya wakaonekana wazima.

Hatua ya 4: Andaeni kadi ya hospitali kabla haijahitajika

Hapa nasema kwa uchungu. Baba alilazwa mara moja kwa tatizo jingine kabisa. Wodini dawa zote zilitolewa kwa saa za wodi, si kwa saa zake. Halafu akapewa dawa ya kuzuia kutapika ambayo mwenye Parkinson hapaswi kupewa. Ilipofika siku ya pili alikuwa hawezi kugeuka kitandani. Hakuna aliyemtakia mabaya. Hakuna aliyekuwa na karatasi mkononi.

Kwa hiyo tengenezeni kadi, ikae kwenye pochi yake na nakala iwe na kila mmoja wa wale watatu. Iandikwe:

– Jina lake, na kwamba ana ugonjwa wa Parkinson.
– Kila dawa, kipimo chake, na saa zake kamili.
– “Tafadhali dawa hizi zisicheleweshwe wala zisikatwe.”
– Dawa za kuepukwa: metoklopramidi na proklorperazini, ambazo hutolewa kwa kutapika, na haloperidoli, ambayo hutolewa kwa kuchanganyikiwa. Zote huzuia dopamini.
– Simu ya daktari wake na ya mtu wa karibu.

Majina ya dawa mwombe mfamasia akuandikie kama yalivyo kwenye boksi, ili muuguzi asibahatishe. Mkipelekwa hospitali ghafla, bebeni na dawa zenyewe.

Hatua ya 5: Mwili utembezwe kila siku, na mtu awepo

Kama kuna jambo moja ambalo mgonjwa mwenyewe anaweza kulifanya pasipo kumsubiri mtu, ni mazoezi. Yanasaidia mwendo, usawa, usingizi, choo na moyo uliokata tamaa. Lengo linalopendekezwa ni kama dakika 150 kwa wiki, kwa nguvu kiasi kwamba unahema lakini bado unaweza kuongea. Kutembea kwa kasi, baiskeli ya kusimama, kucheza muziki, taichi (mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole), ngumi za mazoezi zisizo na mpinzani, yote yanafaa. Lililo bora ni lile utakalolirudia kesho. Fanya wakati dawa imeshika. Kama una ugonjwa wa moyo au umewahi kuanguka, anza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani wa mazoezi ya viungo.

Mazoezi yenyewe yawe makubwa. Ugonjwa huu unadanganya kipimo: mtu anadhani ametupa mkono mbali, kumbe ameusogeza kidogo. Mwambie atie chumvi. Hatua ndefu kuliko anavyodhani inafaa, mkono juu kuliko anavyodhani inafaa. Kwake itaonekana ni kituko, kwenu mtaona anatembea kama kawaida.

Kisha kuna kuganda. Hili nitalieleza kwa utulivu, kwa sababu ndilo linaloangusha watu na ndilo ambalo wasaidizi hulikosea zaidi. Mtu anatembea vizuri, anafika mlangoni, na miguu inanasa sakafuni kana kwamba imepigwa gundi. Kichwa na kifua vinataka kwenda, miguu haitaki. Nyuma yake mtu anasema “twende, twende”, au mbele yake mtu anamshika mikono na kumvuta. Hapo ndipo anapoanguka. Usivute. Usiharakishe. Sema naye pole pole, kwa mpangilio huu: simama kwanza, nyoosha mgongo, vuta pumzi, hamisha uzito mguu wa kulia, hamisha wa kushoto, kulia, kushoto, sasa nyanyua goti, ruka mstari. Ule mstari unaweza kuwa utepe wa rangi uliobandikwa sakafuni penye mlango, unaweza kuwa mguu wako uliouweka mbele ya wake. Wengine huondoka kwa kuhesabu moja hadi tatu, wengine kwa kuimba wimbo wenye mapigo ya kutembea. Ubongo ulioshindwa kuianzisha hatua yenyewe hupitia njia nyingine ukipewa kitu cha kuona au cha kusikia. Baba alikuwa anaondoka kwa wimbo. Mpaka leo nikiusikia, mguu wangu wa kulia unatangulia.

Akigeuka, asizunguke palepale alipo kama mlango. Atembee nusu duara. Asibebe kikombe huku anajibu swali. Akitoka kitandani akae ukingoni dakika moja kabla ya kusimama, kwa kuwa presha hushuka ghafla na kizunguzungu humwangusha. Mikeka na zulia zinazoteleza ziondolewe, taa ya njia ya kwenda chooni iwake usiku, na chooni pawe na kitu imara cha kushika. Kuinuka kitini: sogea mbele, rudisha miguu nyuma, inamisha kifua mpaka pua ipite vidole vya miguu, halafu inuka.

Na kile kifungo? Kuna kulabu ndogo za kuvutia vifungo, na kuna mafundi wanaoweza kushona vishikizo vya kunata chini ya safu ya vifungo vya kawaida, shati likaonekana lilelile. Tulichelewa mwaka mzima kuligundua hilo.

Hatua ya 6: Itunzeni sauti, na mlo uliwe kwa utulivu

Sauti inapofifia, mwenyewe hajui. Yeye anajisikia anaongea kawaida, nyinyi mnasikia mnong’ono, kisha mnamkatiza na kummalizia sentensi. Akikatizwa mara kumi ananyamaza. Yapo mafunzo ya sauti ya mwezi mmoja, siku 4 kwa wiki, na kiini chake ni kuongea kwa nguvu tu. Kama mtaalamu wa mazungumzo hapatikani, mgonjwa asome kwa sauti kila siku: ukurasa wa gazeti, aya, shairi, chochote, huku mtu akiwa amesimama upande wa pili wa chumba na kumwinulia mkono anapofifia. Mezani, zimeni redio na televisheni. Akianza kusema, nyamazeni hata kama ukimya umekuwa mrefu.

Kumeza nako hubadilika. Akikohoa anapokula, akipaliwa na maji, sauti ikiwa na unyevu baada ya kula, au kifua kikipata maambukizi mara kwa mara, aonwe na mtaalamu wa kumeza bila kungoja, kwa sababu chakula kinachoingia mapafuni huleta nimonia. Ale akiwa ameketi wima, tonge dogo, bila kuongea na chakula mdomoni, na asilale mara tu baada ya kula.

Hatua ya 7: Undeni kikundi

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na Parkinson. Mwenzako yupo karibu kuliko unavyodhani, ila naye amejificha.

Mahali pa kumpata ni kliniki. Mwombe daktari au muuguzi awape wagonjwa wengine namba yako. Yeye asikupe zao, kwa kuwa ni siri zao. Fanya hivyo hivyo kwa mtaalamu wa fiziotherapia na kwa duka la dawa ambako levodopa hununuliwa. Kisha nyumba za ibada na redio ya eneo lenu. Tarehe 11 Aprili, siku aliyozaliwa James Parkinson, ndiyo siku ya Parkinson duniani, na vyombo vya habari huwa vinatafuta mtu wa kuzungumza. Mkipata familia tatu, anzeni. Msisubiri kumi.

Chagueni chumba cha chini kisicho na ngazi, choo kikiwa karibu, viti vikiwa na mikono ya kuegemea na visiwe vya kudidimia. Saa ipangwe kufuata dawa za walio wengi, na mahali pa maji ya kunywea dawa pajulikane. Kikao kisizidi saa moja na nusu. Mara moja kwa mwezi kunatosha kuanza, na siku isibadilike kamwe, kwa sababu kinachoua vikundi vya namna hii ni tangazo la “tutawajulisha”.

Kikao cha kwanza kisiwe na mgeni rasmi wala hotuba. Kaeni duara. Kila mtu aseme jina lake, ameujua ugonjwa lini, na jambo moja dogo alilobuni linalomsaidia. Hilo la mwisho ndilo litakaloendesha kikundi. Utasikia hila ambazo hazimo popote: shuka laini la kitambaa kinachoteleza ili kugeuka kitandani kuwe rahisi, kikombe chenye vishikio viwili, daftari lenye mistari mipana ili mwandiko usidogoke. Baada ya hapo simameni wote mfanye mazoezi ya dakika 20 kwa muziki. Kikundi kinachoketi tu na kusikitika hukimbiwa. Kinachosogea pamoja hurudiwa.

Litakuja jambo gumu mapema. Mtu aliyegunduliwa wiki mbili zilizopita ataketi karibu na mtu wa mwaka wa kumi na tano anayesukumwa kwa kiti cha magurudumu, na utaona anavyomtazama. Mwambieni pembeni, siku hiyohiyo, kwamba ugonjwa huu haufanani kwa watu wawili wala hauendi kwa mwendo mmoja. Kisha, ikiwezekana, mwombe yule wa mwaka wa kumi na tano ndiye azungumze naye. Nimeona mara kadhaa kwamba anayemtoa hofu mgeni si mzima, ni yule aliyetangulia.

Wekeni masharti mawili tangu siku ya kwanza, myaandike. Yanayosemwa ndani hayatoki nje. Na hakuna anayekuja kuuza dawa. Watakuja tu, wenye chupa na mizizi na vifaa vinavyodai kuponya, na wenye shida ndio wanaonunua. Kwa sasa hakuna tiba inayouondoa ugonjwa huu kabisa, na anayesema anayo asipewe kiti. Mwanachama akitaka kujaribu kitu chochote, amuulize daktari kwanza, na asiache levodopa hata siku moja.

Baada ya vikao vichache alikeni mtaalamu, mmoja kwa kikao: wa viungo, wa lishe, mfamasia. Mpeni maswali yaliyokusanywa kabla, ili asije na somo lake. Kikundi cha simu kiwepo kwa ajili ya matangazo na kwa ajili ya yule anayeamka saa nane za usiku akihisi yuko peke yake duniani. Ujumbe wa kusambazwasambazwa ukatazwe.

Hatua ya 8: Anayeuguza naye ahesabiwe

Katika kila kikao watengeni wauguzaji nusu saa chumba kingine, kwa sababu kuna maneno ambayo mke hawezi kuyasema mume wake akisikia. Amechoka. Usiku halali, kwa kuwa mgonjwa anapiga mateke ndotoni au anataka kugeuzwa mara nne. Ana hasira, halafu anaona haya kwa hasira yake. Wengine ni wake kwa waume ambao ndoa yao imebaki kuwa zamu ya wodi, na wanahitaji mtu wa kuwaambia kwamba hata hilo daktari analizungumza bila kushangaa.

Dalili za kuangalia kwa muuguzaji ni kukosa usingizi hata anapopata nafasi, kuacha dawa zake mwenyewe za presha au sukari, kulia bila sababu, kumjibu mgonjwa kwa ukali kisha kumkwepa. Mkiziona, zile saa chache za kila wiki za hatua ya 2 ziongezwe mara moja, na zisiwe saa za kwenda kufua. Ziwe zake. Mgonjwa naye aambiwe, kwa upole na waziwazi, kwamba kuhudumiwa na mtu mwingine kwa saa tatu si kutelekezwa. Baba alikataa miezi miwili. Siku mama aliporudi kutoka matembezini akiwa anacheka, yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza Jumamosi ijayo atakuja nani.

Hatua ya 9: Asiyeweza kuja, afuatwe

Siku itafika mwanachama ataacha kuja. Wiki ya kwanza atasema mafua, ya pili atasema usafiri. Mtu mmoja awe na kazi ya kupiga simu kila kiti kinapobaki kitupu, kesho yake na si mwezi ujao. Kama ni kifungo, au ngazi, au kiatu kilichoshindikana, kuna la kufanya. Kama ugonjwa umesonga mbele, kikao kihamie kwake.

Nendeni wawili au watatu, muda ambao dawa yake imeshika, ulizeni kwanza. Msimkute kitandani kama mwili unaruhusu akae. Wekeni viti mbele yake, asiwe anageuza shingo kuwatafuta. Mwiteni kwa jina lake la siku zote. Mpeni habari za kikundi, na kama kuna jambo linaloamuliwa, muulizeni anaonaje. Kisha nyamazeni mkae. Jibu linaweza kuchukua nusu dakika kutoka, na likitoka litakuwa la sauti ndogo, kwa hiyo mmoja wenu awe amekaa karibu kabisa.